Betri ya Gari la Bi Raya

Jumatano, tarehe kumi na moja mwezi wa Mfunguo Tano, Faki Hamadi alifariki nyumbani kwao Gando, akazikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Mimi nakaa Wete siku hizi, na habari ilinifikia maziko yamekwisha, kwa hivyo nikaenda matangani siku ya pili. Nilikaa mwisho wa jamvi, karibu na mlango, wanapokaa watu wasio jamaa. Bwana mmoja wa makamo aliyekuwa akigawa kahawa aliinama akaniuliza, "Samahani ami, weye mlijuana wapi na marehemu?" Nikamwambia tulifanya kazi gari moja, Shumba, zamani. "Shumba?" akasema. "Mie shemegi yake miaka mingi, sijamsikia kuitaja Shumba hata siku moja." Akaniongeza kahawa, akaendelea na birika lake. Nilikaa na kile kikombe mpaka kikapoa. Rafiki nilikwisha kumpoteza zamani, kwa ulimi wangu mwenyewe. Jumatano ile nilimpoteza mtu ambaye miaka yote nilijiambia kwamba iko siku nitamsafishia jina lake, naye akiwa hai wa kusikia. Yako maneno niliyoyasema juu yake barazani Shumba, mwaka uliofuata uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na mpaka anaingia kaburini sikuwa nimeyaondoa pale nilipoyaweka.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu. Nilisoma mpaka darasa la saba na miaka miwili juu yake, kisha nikajifunza udereva, nikaajiriwa na Bi Raya. Bi Raya alikuwa mjane, na watu wake zamani walikuwa wenye mashamba makubwa ya mikarafuu. Wakati huo alibakiwa na nyumba ya mawe, mikarafuu michache nyuma yake, na Landrova ya dizeli yenye mgongo wazi iliyobeba abiria na mizigo kutoka Shumba kwenda Konde na Wete. Masika yakianza, gari nyingine zilikwama na hiyo ikapita. Mimi niliendesha, Faki alikuwa fundi na utingo kwa pamoja. Tulilala chumba kimoja, stoo ya nyuma iliyokuwa ikiwekwa karafuu, na ingawa karafuu zilikwisha kuondolewa, harufu yake ilibaki kwenye boriti na ikaingia katika nguo zetu. Asubuhi tulipewa chai ya mdalasini na muhogo wa kuchemsha, Ijumaa mkate wa kumimina. Mchana tulikula sinia moja, wali wa nazi na mchuzi wa papa mkavu, na Faki alikuwa na desturi ya kunisukumia minofu upande wangu akizungumza habari nyingine, kana kwamba mkono wake haujui unachofanya. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Nilikula tu.

Kwa mtu ambaye hakuwepo, mwaka ule ni mgumu kuueleza. Uchaguzi ulikwisha lakini watu hawakuachana nao. Kila mmoja alikuwa na upande, na kila upande ulimsusia mwenzake: hununui dukani kwao, hupandi gari lao, huendi arusini kwao, na wako waliokataa hata kuzikana. Shumba karibu sote tulikuwa upande mmoja, nami nitauita upande wetu, maana majina ya vyama hayana kazi katika habari hii. Sheria hizo hazikuandikwa popote wala hakuna aliyezitangaza. Mimi nilizisikia kupitia ukuta, kwa sababu ukuta mmoja wa stoo yetu ulikuwa wa jiko, na wanawake waliokuja kumsaidia Bi Raya kupepeta mchele walizungumza humo tangu asubuhi. "Yule kanunua sukari kwa wale," atasema mmoja. "Kaonwa na nani?" "Kaonwa tu." "Basi arusi ya mwanawe apike, ale mwenyewe." Watacheka wote. Bi Raya hakucheka wala hakukataza. Nilisikia mwiko wake tu ukigonga ukingo wa chungu. Alikuwa mtu aliyewahi kuona watu wakiorodheshwa, siku za mapinduzi, na nadhani alishajua kwamba anayekataza hutiwa katika orodha naye. Mimi nililala kitandani nikisikiliza, nikijipima: jana nimesimama na nani, nimecheka na nani, nani alipita. Hata usingizini nilikuwa na hesabu hiyo.

Betri ya gari ilianza kuchoka baada ya Ramadhani. Ukitia ufunguo, stata inaguna mara moja, kisha kimya. Tukawa tunaliegesha gari juu ya mteremko kila mahali tunapofika, ili tuliachie literemke na kuwaka kwa mwendo wake. Bi Raya alivumilia wiki mbili, kisha akatuita ukumbini. "Nendeni mkatafute betri," akasema. "Na msiniletee maneno, nileteeni betri." Jambo lenyewe halikuwa jepesi. Injini ya dizeli haiamki kwa betri ndogo. Tena betri ya gari lile ilikaa ndani ya sanduku la chuma chini ya kiti cha abiria. Ikiwa ndefu kupita kina cha sanduku, vichwa vyake hugusa mfuniko wa chuma na gari linaweza kuungua. Ikiwa kichwa cha chanya kiko upande wa pili, waya haufiki. Na kwa njia zetu za vilima na mabonde, mabamba ya risasi yaliyomo ndani hutikisika mpaka yakapukutika unga, kwa hivyo lazima iwe nzito, mabamba yake manene, na ifungwe kwa ukanda wa chuma isicheze. Haya yote alinifundisha Faki. Yeye alikata kijiti cha ukuti sawasawa na kina cha sanduku, akatia alama ya upana kwa kisu, akakiweka mfuko wa shati. Tuliuliza Wete, Konde mpaka Msuka, na mwezi ule betri zilizofaa zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa Wete kwa Mzee Mbarouk, muuza vipuri, naye alikuwa wa upande wa pili na anajulikana. Nyingine ilikuwa Konde kwa Bwana Nassor, ambaye alikuwa wetu.

Tulianza Wete kwa sababu Faki alisema kutazama si kununua. Duka la Mzee Mbarouk lilikuwa la chumba kimoja kirefu chenye giza, na vumbi juu ya makopo ya oili lilionyesha kwamba hayajaguswa muda mrefu. Faki aliingia. Mimi nilisimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nikijiambia kwamba kwa namna ile sijaingia. Mzee alikuwa amevaa miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa, akisoma gazeti la zamani. "Karibuni wanangu," akasema. "Au mmepotea njia?" Faki akamweleza. Mzee akaenda nyuma, akarudi ameikumbatia betri kifuani, akaitua juu ya meza, akaifuta kwa kanzu yake. "Hii kavu," akasema, "haijatiwa asidi, na mihuri yake hii. Lakini nisikufiche, mwanangu, iko hapa tangu kabla ya uchaguzi. Ingenunuliwa na nani?" Akacheka peke yake. "Kavu haiharibiki upesi. Asidi hii hapa chupani. Utatia mwenyewe, utangoja nusu saa, utapima. Ikikataa, iache papo hapo wende zako." Faki akatoa kijiti chake, akapima kina, akapima upana, akatazama upande wa chanya. "Inaingia," akasema, na akageuka kunitazama, na uso wake ulikuwa umefurahi. Mimi nilikuwa nikitazama njiani. Kulikuwa na mtu wa Micheweni nimjuaye akinunua ndara duka la mbele, na nilikuwa nikijiuliza ameniona au hakuniona.

Nje tulibishana kwa sauti ya chini. "Yakhe, ndiyo hii," alisema Faki. Nikamwambia, "Mfanyabiashara gani anayekutajia aibu ya mali yake?" "Anayesema kweli." "Au anayetaka sisi tuone kwamba anasema kweli." Faki akanitazama. "Kombo, weye sasa hata kweli wataka kuijua ya chama gani?" Leo nikiikumbuka hoja yangu naona aibu, lakini siku ile ilinipendeza, niliiona ya mtu mwerevu. Ndivyo tulivyokuwa. Mtu wa upande wa pili akikudanganya, alikuwa mwongo, na akikwambia kweli, alikuwa na hila kubwa zaidi. Hakuwa na mlango wa kutokea.

Konde tulipokewa kama mabwana arusi. Bwana Nassor alitoka mwenyewe mpaka barazani, akatukumbatia, akauliza watu wa Shumba mmoja mmoja kwa majina, akaagiza halua na kahawa. Betri yake ilikuwa imewekwa juu ya kitambaa, nyeusi, inang'aa, na imeshatiwa asidi. "Imeshushwa juzi kutoka Mombasa," akasema. "Nilikuwa nimewawekea nyinyi hasa." Faki akatoa kijiti. Betri ilizidi kina cha sanduku kwa unene wa kidole. Kisha akatoa kipimo chake cha asidi, kichupa cha kioo chenye mpira juu, ili ajue nguvu ya kila chumba cha betri. Bwana Nassor akaweka kiganja juu ya betri, akitabasamu. "Tunapimana sisi kwa sisi?" Alisema kwa upole, na hakumtazama Faki, alinitazama mimi. Nikamwambia Faki arudishe kipimo mfukoni. Faki akarudisha, lakini akapitisha kidole juu ya kichwa kimoja cha betri. "Hapa hupigwa alama ya tarehe," akasema. "Mbona pamekwanguliwa?" Akanionyesha ncha ya kidole chake, imeingia weusi wa rangi. Bwana Nassor akaniuliza mimi, kana kwamba Faki hayupo: "Huyu mwenzako wa wapi?" Nikasema wa Gando. "Aa," akasema, "Gando," akanisogezea halua. Ile "aa", kana kwamba mtu wa Gando si wa kuaminiwa, niliichukua nikaondoka nayo, na njia nzima ilikuwa kichwani ikifanya kazi.

Nataka hili lieleweke vizuri: aliyeichagua betri ya Bwana Nassor ni mimi. Bi Raya hakuwepo, Faki alikataa, na mimi ndiye niliyesema tunachukua hii. Niliogopa tukinunua Wete watu wasipande gari. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, sikuitunga. Lakini pia nilipenda kuitwa bwana na kupewa halua. Tulipokuwa njiani Faki alisema, "Umemchagua mtu, hukuchagua betri." Tulipofika Shumba akafanya kazi yake kama alivyoifanya siku zote. Kwa kuwa betri ilikuwa ndefu, alikata kipande cha mpira wa gurudumu akakiweka juu ya vichwa ili visiguse chuma. Ukanda wa zamani haukutosha, basi siku ya tatu akaenda Wete kutafuta mwingine, akaupata kwa Mzee Mbarouk, akarudi akaniambia waziwazi: "Kanipa bure. Kasema hana wa kumuuzia." Nikacheka naye. Kila Alkhamisi aliongeza maji kwenye vyumba vya betri, maana vilikuwa vikikauka haraka, na kila mara alinionyesha, nami nilisema ni joto.

Betri ilifanya kazi wiki sita. Kisha ikaja siku ya mkutano wa upande wetu Konde, mvua imenyesha tangu alfajiri, na gari letu ndilo pekee lililoweza kutoka. Walipanda watu zaidi ya ishirini, wanawake wamevaa kanga mpya, wazee wamekalia magunia. Asubuhi ile Faki alikuwa ameongeza maji kwenye betri, na gari lilikuwa limewaka bila taabu. Tulipofika bondeni, penye mpunga pande zote mbili, magurudumu yakazama na injini ikazimika. Nikatia ufunguo. Iliguna mara moja. Nikatia tena, hata taa ya dashibodi haikuwaka. Kusukuma hakukuwezekana, maana mbele ni mlima na chini ni tope la magoti. Watu wakashuka, wakaenda kwa miguu, na walipofika Konde mkutano ulikuwa umekwisha na viti vinakusanywa. Nilikwenda nao. Faki alibaki na gari, anachimba tope kwa jembe aliloazima.

Alasiri watu walikutana barazani kwa Mzee Shaame. Mzee Shaame ndiye ambaye kauli yake ilisikilizwa pale mtaani, mtu wa utani mwingi, lakini siku ile hakutania. Matope yalikuwa yamekauka miguuni mwa kila mtu. "Kombo, mwanangu," alisema, "betri si mpya?" Nikasema mpya, mzee. "Haikufa jana, ikafa leo?" Mmoja nyuma akasema, "Leo ndiyo siku yake." Wengine wakaguna. Mzee akauliza, "Kaigusa nani mara ya mwisho?" Nikasema, "Faki. Asubuhi aliongeza maji." Hilo lilikuwa kweli. Yule wa nyuma akasema, "Huyo si ndiye kaonwa Wete, kwa Mbarouk?" Wote wakanitazama. "Alikwenda," nikasema. "Peke yake?" "Peke yake." Hilo pia lilikuwa kweli. Kisha nikanyamaza. Sikusema kwamba alifuata ukanda wa chuma. Sikusema habari ya alama iliyokwanguliwa, wala rangi iliyoingia kidoleni, wala maji yaliyokauka kila wiki. Nilijua kwamba nikianza hayo, swali litakalofuata ni nani aliyeichagua, na jibu lake ni mimi. Mzee Shaame akasema, "Basi tumesikia." Hakuna aliyetamka kwamba Faki ameiharibu betri. Haikuhitajika. Niliyatia maneno mawili ya kweli mahali ambapo yangefanya kazi ya uongo, nami niliyaona yakifanya kazi hiyo, nikanywa kahawa.

Kuanzia kesho yake salamu ya Faki haikuitikiwa kisimani. Dukani alingojeshwa mpaka wote wamehudumiwa, kisha akaambiwa kitu kimekwisha. Jikoni nilisikia, "Tangu zamani mie namwona ana macho ya kupeleleza," na aliyesema hayo ndiye aliyekuwa akimpa Faki nguo za mwanawe amshonee vifungo. Bi Raya aliendelea kutupatia chakula, na sinia lilikuwa lile lile, ila mimi nilianza kuchelewa makusudi ili nimkute Faki amemaliza. Alikuwa akinibakishia. Siku ya nne abiria walisimama kando ya gari, tulilokuwa tumeliwasha kwa betri ya kuazima, wakasema watapanda akishuka yule. Bi Raya alimwita Faki ukumbini na mimi nilisikia nikiwa nyuma ya pazia. "Mwanangu," alimwambia, "mie sijakuona na kosa. Lakini nyumba hii ilishawahi kutiwa kufuli na watu, nami nilikuwamo. Sina moyo wa mara ya pili." Faki akasema, "Nimefahamu, Bi Raya." Alikuja stoo kukunja mkeka wake, na akaniomba jambo moja tu. "Tuibebe betri mpaka barazani, tuifungue mbele yao. Kila mtu aone kwa macho yake." Nikamwambia tuliache jambo lipoe kwanza. Akasema, "Haya," akafunga mkeka, akaondoka kwenda kwao Gando.

Niliifungua peke yangu baadaye wiki ile, uani, wakati Bi Raya amekwenda kusomewa dua. Nilimwaga asidi shimoni, nikakata juu kwa msumeno. Chini ya rangi mpya kulikuwa na ufa mrefu uliozibwa lami. Vyumba viwili vilikuwa na mabamba ya betri nyingine kabisa, membamba, yameungwa kwa risasi ya kuyeyushwa. Chini kulikuwa na tope zito la unga wa risasi lililofika katikati ya mabamba, na hilo ndilo lililoiua. Ilikuwa maiti iliyopakwa rangi, na ilikuwa hivyo juu ya kile kitambaa cha Bwana Nassor. Nikanawa mikono kwa majivu na nikaenda Gando siku ile ile.

Nilimkuta Faki bondeni, anapalilia mpunga, maji yakimfika vifundoni mwa miguu. Hakutoka. Nikamwambia nimeifungua. "Enhe," akasema. Nikamweleza niliyoyaona, yote. Aliendelea kung'oa magugu. "Waniambia mie?" akasema. "Mie ndiye nisiyejua?" Nikasema nimekuja kumtaka radhi. Akanyooka. "Radhi nimekupa, Kombo, wallahi, toka moyoni. Sasa nenda kawaambie wale wale, pale pale uliposema. Ukishawaambia, njoo unambie, tutakula pamoja." Nikaahidi. Nilirudi Shumba na nikaenda moja kwa moja barazani kwa Mzee Shaame, neno likiwa tayari mdomoni. Walikuwa wakicheza bao. "Kombo wetu huyo!" alisema Mzee Shaame. "Mpisheni, mpeni kahawa. Sasa tafuta utingo wa kwetu, asiyekula kuwili." Walicheka, wakanipisha katikati. Nilikaa nafasi waliyonipa, na kahawa ilikuwa ya moto, na nikatazama bao mpaka magharibi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenizuia kusema.

Wiki iliyofuata Bi Raya, ambaye nilikwisha kumwonyesha betri iliyofunguliwa, alinituma kwa Mzee Mbarouk. "Pita mlango wa nyuma," aliniambia. Mzee hakuniuliza kitu. Nilitia asidi mwenyewe mbele yake, tukangoja nusu saa tukizungumza habari za mvua, nikapima vyumba vyote sita na vyote vilikuwa sawa. Kisha yeye mwenyewe akaleta gunia, akaifunika betri, akaifunga kamba vizuri. Pembeni ya mlango ule palikuwa na magunia mengine yamekunjwa, mengi, nikafahamu kwamba si mimi wa kwanza kupita huko. Betri ile iliingia sandukuni bila mpira wala shida, na ikaliendesha gari miaka minne. Watu wa Shumba walilipanda bila kujua wanakalia nini, na kila gari lilipowaka kwa mguso mmoja, mtu hakukosa kusema, "Mnaona? Tangu aondoke yule." Nilisikia hivyo mara nyingi sana. Kila mara nilitia gia.

Baadaye viongozi walipatana, kususiana kukapungua, watu wakarudi kuoana na kuzikana, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi kwa jina. Nilikutana na Faki Wete mara kadhaa, sokoni na hospitali. "Salama, Kombo?" "Salama, Faki." Alinitazama kidogo, kama anayesubiri, kisha akauliza habari za watoto. Hakunikumbusha hata mara moja. Sikula naye tena.

Siku ya tatu ya matanga tulisoma hitma. Ilipokwisha sikungojea chakula, nikaenda Shumba. Bi Raya alishafariki zamani, na waliokuwepo barazani siku ile wengi wamekufa. Mzee Shaame yupo, haoni vizuri, anakaa palepale na mto mgongoni. Alinitambua kwa sauti. Nikamwambia Faki amefariki. "Faki yupi?" Nikasema wa Gando, aliyekuwa kwa Bi Raya, wa habari ya betri. "Betri?" akasema. "Betri gani?" Nikamkumbusha mvua, bonde, mkutano. Akatikisa kichwa, hakumbuki. "Lakini kijana wa Gando nnamkumbuka," akasema. "Hakuwa ntu wetu yule." Nikamwuliza, kwa nini, mzee? Akafikiri muda mrefu, midomo ikicheza. "Sikumbuki," akasema. "Lakini hakuwa."

Nikakaa karibu yake, nikamweleza tangu siku tulipotumwa na Bi Raya, sikuacha kitu, hata halua. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Haya uniambie mie peke yangu yatasaidia nini? Ngoja watoke msikitini." Wakaadhini alasiri, tukasali. Watu walipokuwa wakitoka, aliomba ashikwe mkono, akasimama mlangoni akasema, "Jamani, tulieni kidogo, huyu ana neno la maiti." Wengine walikuwa hawajazaliwa mwaka ule. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyeichagua betri, kwamba ilikuwa mbovu tangu dukani, kwamba Faki Hamadi wa Gando aliniambia nisiinunue, na kwamba nilijua nilichokuwa nikikifanya siku niliyomtaja na kunyamaza. Nikasema pia betri ya miaka ile minne ilitoka wapi. Walikuwa watu kumi na mmoja. Wawili, wazee, walivaa ndara zao wakaondoka kabla sijamaliza, nami nikamaliza.